KAZI ZA KIPUPWE NDIZO AKIBA YA KIANGAZI
Mafunzo ya nyumbani katika olla za Isiolo

Katika nchi ya Isiolo mwaka umegawanyika katika majira manne. Waborana, ambao mifugo yao imeenea katika mbuga za mto Waso Nyiro, wameyapa majira hayo majina yake. Gana ni mvua kubwa za Machi hadi Mei. Adolesa ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba. Hagaya ni mvua ndogo za Oktoba na Novemba. Bona ni kiangazi kikali kinachofuata, ambacho huendelea mpaka mvua kubwa zirudi tena.

Mgeni apitaye katika mbuga hizo wakati wa kipupwe aweza kudhani kwamba hayo ni majira ya kupumzika. Ng'ombe bado wana nyama mgongoni, majani yapo ingawa yamekwisha kugeuka rangi, na maziwa hayajakatika. Usiku kuna baridi, na mchana upepo huvuma na kuinua vumbi, lakini jua halichomi kama litakavyochoma mwezi wa Januari. Wazee wa Kiborana hawayahesabu majira hayo kuwa ya mapumziko hata kidogo. Kwao kipupwe ndiyo miezi ya kazi nyingi na ya mafunzo mengi, kwa sababu kazi iliyoachwa katika kipupwe haiwezi kufanywa vizuri katika kiangazi, wakati watu na wanyama wamekwisha kudhoofika.

Somo hili laeleza baadhi ya kazi hizo, sababu zake, na jinsi watoto na vijana wanavyofundishwa kuzifanya.

OLLA NI NINI?

Olla ni kijiji cha wafugaji. Ni nyumba kadha wa kadha zilizojengwa pamoja, kila nyumba ikiwa na mama mwenye nyumba, mifugo yake na zizi lake. Mkuu wa kijiji huitwa abba olla, maana yake baba wa olla. Yeye hatoi amri kama askari. Kazi yake ni kuwakusanya wenye nyumba ili wapatane juu ya kuhama, juu ya malisho na juu ya kumsaidia aliyepatwa na shida.

Mifugo nayo hugawanywa sehemu mbili. Wanyama wa maziwa, pamoja na ndama na wale walio dhaifu, hukaa karibu na nyumbani. Hao huitwa wanyama wa warra, yaani wa nyumba. Wengine wenye nguvu, kama vile maksai, mitamba na majike yasiyo na maziwa, hupelekwa mbali pamoja na vijana. Hao huitwa fora. Kwa njia hiyo majani ya karibu huachiwa wale wasioweza kwenda mbali.

Msomaji atazame jambo hili kwa makini. Hakuna nyumba moja iwezayo kulinda ng'ombe wa nyumbani, kuwapeleka wengine mbali, kuchimba maji, kusuka vyombo na kutunza wagonjwa, vyote kwa wakati mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Olla ni vidole vingi vya mkono mmoja.

SOMO LA ALFAJIRI: KUKAMA

Kazi ya siku huanza kabla jua halijachomoza. Mama huingia zizini na chombo chake, na mtoto humfuata. Kazi ya kwanza ya mtoto si kukama, bali ni kumleta ndama kwa mama yake na kumzuia kwa wakati ufaao. Ndama hunyonya kidogo kwanza ili maziwa yashuke, kisha huondolewa, mama hukama, na ndama hurudishwa apate fungu lake.

Kazi hii yaonekana kuwa ndogo, lakini ndiyo mlango wa maarifa yote ya ufugaji. Mtoto amshikaye ndama kila asubuhi hujua kwa mikono yake mwenyewe ni ndama gani amenenepa na ni yupi manyoya yake yamesimama. Hujua kila ng'ombe kwa jina, kwa rangi na kwa mama aliyemzaa. Zaidi ya yote hujifunza kipimo: kwamba mwenye kukama mpaka tone la mwisho ameshiba leo, lakini amemnyima chakula ng'ombe wa kesho. Katika kipupwe maziwa huanza kupungua siku kwa siku, na mama mwenye busara hupunguza fungu la chombo kabla ya kupunguza fungu la ndama.

SOMO LA PILI: KUWEKA AKIBA YA CHAKULA

Maadamu maziwa bado yapo, huu ndio wakati wa kuyaweka akiba. Wanawake wa Kiborana hutengeneza maziwa mazito yaitwayo ititu, na chombo chake ni gorfa. Gorfa husukwa kwa nyuzi za mizizi ya mmea wa porini uitwao ergamsa. Hufumwa kwa kukazwa sana hata hakivuji. Msichana hujifunza kwa kukaa kando ya bibi yake, kwanza akisafisha na kulainisha nyuzi, halafu akisuka vifuniko na vyombo vidogo, na mwisho akisuka gorfa yake mwenyewe. Kazi hiyo yataka siku nyingi na vidole vyenye subira. Ikilegea mahali pamoja, bibi huifumua na msichana huanza tena.

Chombo kikiisha kuoshwa na kukaushwa hufukizwa kwa moshi wa vijiti vya miti maalumu. Moshi huo huua vijidudu vingi viharibuvyo maziwa na huyapa harufu nzuri. Kisha maziwa hutiwa na kuachwa yagande. Maji yake hutolewa, maziwa mapya huongezwa juu, yakaganda tena, na maji yakatolewa tena. Kazi hii ikirudiwa kwa siku nyingi hupatikana ititu nzito iwezayo kukaa majuma kadha bila kuharibika. Hiki ni chakula cha watoto, cha wagonjwa na cha wageni katika siku ambazo ng'ombe hawana kitu.

Nyama pia huwekwa akiba. Hukatwa vipande vyembamba, huanikwa, hukatwa tena vidogo vidogo, hukaangwa, na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Mjini Isiolo watu wengi huijua kwa jina la nyirinyiri, na Waborana huiita koche. Ikitengenezwa kwa usafi hukaa miezi.

Hapa yapasa kuongeza onyo moja ambalo wazee wa zamani hawakulijua. Maziwa mabichi, hata yakiwa matamu namna gani, yaweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, ambao humpata binadamu kwa homa isiyokwisha na maumivu ya viungo. Moshi wa gorfa haushindi ugonjwa huo. Dawa yake ni kuchemsha maziwa kwanza, kuyaacha yapoe, ndipo yatiwe katika chombo kilichofukizwa. Kwa namna hii ustadi wa bibi na maarifa ya daktari vyaweza kukaa katika chombo kimoja.

Maarifa hayo ya maziwa ni mali pia. Ushirika wa Anolei, wa akina mama wa Isiolo, umejulikana kwa kukusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji na kuyapeleka Nairobi kwa basi. Mwanzo wa biashara yao ulikuwa ni kujua tu chombo kilicho safi na kisicho safi, na maziwa ya lini ni ya lini.

SOMO LA TATU: MAJI YALIYO CHINI YA MCHANGA

Mabwawa yaliyojazwa na mvua za gana hukauka katika kipupwe. Ndipo vijana hupelekwa katika laga, yaani mito ya mchanga ambayo hutiririka siku chache tu za mvua. Juu hapaonekani maji, lakini chini ya mchanga yapo. Mchanga huyachuja maji na kuyafunika yasikaushwe na jua, na mahali ambapo mwamba au udongo mgumu umekaa chini yake, maji husimama kama katika birika.

Kijana hufundishwa kwanza kutafuta, na baadaye kuchimba. Hufundishwa kutazama miti mibichi ya ukingoni, mahali ambapo mto umepinda, na mahali ambapo wanyama wa porini wamefukua kwa kwato. Akichimba hufundishwa kuzilaza kando za shimo zisiwe wima, kwa kuwa mchanga huporomoka ghafula na umepata kufukia watu. Hachimbi peke yake; mwenzake husimama juu na kumtazama. Hori la wanyama hutengenezwa kwa udongo mbali kidogo na mdomo wa kisima, ili samadi isirudi ndani. Maji ya watu huchotwa kabla ya ya wanyama, na yafaa yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa.

Ili kuelewa uzito wa kazi hii, na ifanywe hesabu ndogo. Katika siku za ukame ng'ombe wa Kiborana hunyweshwa kila siku ya tatu. Ikiwa ng'ombe mmoja atakunywa lita 40, ng'ombe 50 watakunywa lita 2,000. Ndoo moja ikiwa ya lita 20, hizo ni ndoo 100, na kila moja yatoka chini kwa nguvu za mkono wa mtu. Hiyo ni kazi ya nyumba moja, kwa mnywesho mmoja. Mtu mmoja hawezi. Kwa hiyo kuna safu ya wachotaji wanaopokezana ndoo, na kuna zamu.

Zamu hiyo huitwa herega, na mwenye kuisimamia ni abba herega. Yeye hujua ni nyumba ipi inywe leo na ipi kesho, na ni wanyama gani watangulie. Mathalan, kijana wa shule aliyerudi likizo hupeleka mbuzi wake kisimani na kukuta maji yamejaa, na watu wa zamu bado hawajafika. Mbuzi wanalia kwa kiu.

"Babu," asema kijana, "maji haya hapa na watu hawapo. Kwa nini tusinyweshe upesi tuondoke?"

"Mjukuu wangu," babu amjibu, "maji haya si ya mwenye nguvu wala si ya mwenye kuwahi. Ni ya mwenye zamu. Ukiyachukua leo, watakapokuja watakuta kisima kikavu na ng'ombe wao wametembea tangu alfajiri. Wewe utakuwa umenywesha mbuzi 30, lakini utakuwa umewatenga watu ambao katika kiangazi utawaomba wakushikie upande wa pili wa kamba."

Kijana akaketi kivulini mpaka wenye zamu wakafika. Walipomaliza, wao wenyewe walimsaidia kuchota. Somo hilo si la maji tu.

SOMO LA NNE: MAJANI YASIYOLIWA

Huenda hakuna somo lililo gumu kwa kijana kama hili: kuona majani mazuri na kuyapita.

Nchi ya malisho ya Waborana wa Waso hutunzwa na dedha, yaani eneo lenye mipaka inayojulikana na baraza la wazee wake. Wazee hao hugawa malisho kwa majira. Kuna sehemu za wakati wa mvua, ambazo zina majani mazuri lakini maji yake ni ya mabwawa tu. Kuna sehemu za kiangazi, zilizo karibu na mto, visima au mashine za maji. Na kuna sehemu za akiba, ambazo hazifunguliwi mpaka ukame uwe mkali. Katika kipupwe wanyama hukaa katika sehemu za mvua kadiri inavyowezekana, na visima vya sehemu za akiba hufungwa, kwani pasipo na maji hapana atakayelisha.

Faida ya kungoja yaweza kuhesabiwa. Ng'ombe wa uzito wa kilo 250 hula kiasi cha kilo 6 za majani makavu kwa siku. Ng'ombe 50 hula kilo 300. Wakiingia katika malisho ya akiba mwezi mmoja kabla ya wakati, watakuwa wamekula kilo 9,000, yaani tani 9, ambazo zingewaokoa hao hao mwezi wa Februari. Mwenye kuvunja mpaka wa dedha hajamwibia jirani peke yake. Amewaibia na ng'ombe wake mwenyewe.

Kwa hiyo vijana hupelekwa pamoja na mzee mmoja au wawili kwenda kutazama malisho kabla ya kuhama. Hufundishwa kutofautisha majani yenye nguvu na yale ya kujaza tumbo tu, kupima umbali wa kutembea hadi maji, kutazama nyayo za fisi na simba, na kuuliza khabari za magonjwa na za amani. Hapana olla ihamiayo mahali kwa sababu ya uvumi. Lazima mtu aliyeaminiwa aende akaone kwa macho yake.

Baada ya Kenya kupata Katiba ya mwaka 2010, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, jamii za wafugaji zilipata njia ya kisheria ya kuandikisha ardhi yao ya pamoja. Lakini karatasi hailindi majani. Yalindwa na kijana aliyefundishwa kuyapita, na mzee ambaye neno lake lasikiwa.

SOMO LA TANO: KAMBA, UA NA MITI

Wakati fora wako mbali, waliobaki nyumbani hutengeneza vitu vilivyochakaa. Mkonge wa mwituni hukatwa, hupigwa, hukwanguliwa mpaka zibaki nyuzi nyeupe, kisha husokotwa kuwa kamba za kufungia ndama, za kuvutia maji na za kufungia mizigo juu ya punda na ngamia. Mtoto huanza kwa kamba fupi ya mchezo. Kamba yake ikiweza kumzuia ndama asubuhi nzima, huyo amefuzu.

Zizi nalo huzungushiwa upya matawi ya miiba. Hapa kuna jambo la kukumbuka. Mgunga mkubwa, ambao Waborana huuita dadacha, haukatwi shina. Hupunguzwa matawi machache, na mti ukaendelea kuishi. Sababu yake ni wazi. Mti huo hutoa kivuli, na maganda ya matunda yake ni chakula kizuri sana cha mbuzi na kondoo. Watoto waliotumwa kuokota maganda hayo na kuyaweka katika magunia wameweka chakula cha mbuzi wenye mimba kwa siku ambazo majani hayatakuwapo. Mwenye kuukata mti mzima ili apate ua wa mwaka mmoja amepoteza vyakula vya miaka mingi.

SOMO LA SITA: JICHO LA MCHUNGAJI NA SINDANO YA DAKTARI

Katika kipupwe wanyama bado wana nguvu ya kustahimili chanjo na safari ya kwenda sokoni. Kwa hiyo mambo mawili yafaa yafanywe mapema.

La kwanza ni kuwachanja kila wakati maofisa wa mifugo wanapokuja. Wapo watu wasemao kwamba sindano ni mambo ya mjini. Hao na wakumbuke khabari za sotoka ya ng'ombe. Katika miaka ya 1890 ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki na kuua ng'ombe wengi mno, na Waborana wakawa miongoni mwa walioumia sana. Kwa muda wa miaka mia nzima uliendelea kurudi. Moja ya shida za kuuzuia ilikuwa kwamba chanjo ya zamani ilitaka barafu, na katika nchi za joto zisizo na barabara barafu haifiki. Ilipopatikana chanjo iliyoweza kustahimili joto, wafugaji wenyewe walifundishwa kuibeba na kuitumia katika miaka ya 1990, mathalan katika nchi ya Waafar huko Ethiopia na katika Sudan ya Kusini. Wafugaji hao ndio waliojua makundi yalipo, na ndio waliotambua dalili za ugonjwa kabla ya mtu mwingine. Ugonjwa ulionekana kwa mara ya mwisho duniani katika mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, ambayo yapakana na nchi ya Isiolo upande wa Kinna. Katika mwaka 2011 mataifa yalitangaza kwamba sotoka ya ng'ombe imekwisha duniani.

Ushindi huo haukuletwa na sindano peke yake, wala na jicho la mchungaji peke yake. Vyote viwili vilihitajiana. Kijana ajuaye kutambua mnyama asiyecheua, mwenye machozi au mwenye kuhara, na ajuaye kupeleka khabari upesi, huyo amekwisha kuwa nusu ya daktari. Na kazi yake haijakwisha, kwani sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo iliingia Kenya katika mwaka 2006, bado ni adui.

Jambo la pili ni kuuza mapema. Dume anayeuzwa Julai akiwa mnene huleta fedha za karo, unga na dawa. Dume yule yule akingojewa mpaka Februari huenda akauzwa kwa bei ya ngozi, au asiuzwe kabisa. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale, iliyokamilishwa katika miaka ya 2010, imerahisisha safari ya kwenda soko. Iliyobaki ni mwenye mifugo kuamua kwa wakati.

SOMO LA JIONI

Wanyama wakiisha kurudi, huhesabiwa. Mchungaji mzuri hahesabu kwa vidole, hutazama kundi na kusema, "Yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda hayupo." Baada ya kukama na kula, watoto wengi husoma Kurani kwenye mbao zao karibu na moto, kwani Waborana wengi wa Isiolo ni Waislamu. Halafu wazee huanza maneno yao: majina ya koo, mipaka ya dedha, khabari za miaka ya njaa, na jinsi watu walivyopona.

Usiku mmoja husimuliwa mambo ya miaka ya 1963 hadi 1967. Miaka ile kulikuwa na vita katika kaskazini ya Kenya, na wafugaji wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, wakakatazwa kuhamahama. Waborana huuita wakati huo daba, yaani wakati wa kusimamishwa. Mifugo haikuweza kufuata majani, ikafa kwa wingi. Wasakuye, ambao mali yao ilikuwa ngamia, karibu wote walibaki mikono mitupu. Mtu aliyelala tajiri aliamka hana mnyama wa kukama.

Walionusurika walinusurika kwa nini? Wengine walijifunza kulima kwa maji ya mfereji, kama katika shamba la Malka Daka karibu na Garba Tulla. Wengine walisuka, wakachoma makaa, wakaajiriwa mijini. Na wengi waliinuliwa tena na ndugu zao kwa desturi iitwayo busa gonofa, ambayo kwayo ukoo hukusanya mnyama mmoja huku na mmoja kule ili kumpa aliyefilisika kundi la kuanzia. Lakini wazee huongeza neno moja ambalo kila kijana yafaa alisikie. Ukoo haumpi mnyama mtu asiyejua kumtunza. Aliyepoteza ng'ombe akabaki na ustadi, huyo alisaidiwa kwa moyo mweupe, kwa kuwa ilijulikana kwamba mbegu haitapotea.

Khabari hizo si za kale tu. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu 5 ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, na katika Kenya zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa. Isiolo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Mara nyingine tena watu walijua kwamba mali ya miguu minne yaweza kwenda, na mali ya kichwani na mikononi ikabaki.

SHULE NA NYUMBANI

Hapa kuna shida ambayo wazazi wengi wa Isiolo huizungumza. Mtoto akikaa shuleni miezi mingi hajifunzi kusoma nyayo wala kusuka gorfa. Akikaa na mifugo hajifunzi kusoma barua wala kuhesabu fedha. Wengine hukata shauri kwa kumpeleka mtoto mmoja shule na mwingine malishoni, na hivyo kila mmoja akakua na mkono mmoja.

Shauri bora lipo, na majira yenyewe yalionyesha. Likizo ya Agosti huangukia katikati ya kipupwe, wakati kazi zote zilizoelezwa hapa zinapofanywa. Mzazi mwenye busara hamwachi mtoto wa shule akae mjini akizurura majuma hayo. Humwita nyumbani na kumpa kazi kamili yenye mwalimu wake: Agosti hii kwa bibi kujifunza kusuka na kufukiza, Agosti ijayo kwa mjomba kuchimba maji, na inayofuata kwa wazee kutazama malisho. Naye mtoto huleta aliyojifunza shuleni: huandika tarehe za chanjo, hesabu ya ng'ombe na majani, na bei za soko. Hali kadhalika mwalimu wa shule yafaa awaulize wanafunzi wake khabari za kazi hizo warudipo, ili wasidhani kwamba elimu ni ile ya ubaoni tu.

Samaki mkunje angali mbichi. Bibi ajuaye kusuka gorfa na babu ajuaye mipaka ya dedha hawatakuwapo daima. Chombo kikivunjika chaweza kutengenezwa maadamu yuko mtu ajuaye. Asipokuwapo, hata mizizi ya ergamsa ikijaa porini haina faida kwa mtu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI NA SHULENI

1. Kwa nini wazee huesabu kipupwe kuwa majira ya kazi wala si ya mapumziko?
2. Ng'ombe 30 wakinyweshwa lita 40 kila mmoja, ni ndoo ngapi za lita 20 zitakazochotwa?
3. Eleza jinsi ya kuunganisha moshi wa gorfa na kuchemsha maziwa.
4. Je, yule babu kisimani alifanya vema kumzuia mjukuu wake huku mbuzi wana kiu? Toa sababu.
5. Kwa nini ukoo haumpi mnyama mtu asiyejua kumtunza?
6. Katika mji au kijiji chako, ni ustadi gani ambao wazee wanaujua na vijana hawajajifunza? Ni nani atakayeufundisha, na ataanza lini?